Punje Moja ya Njegere



Vijana wenzangu, nianze kwa kuungama kidogo (kwa padre nilishaungama, msijali). Nikiwa kidato cha nne, kwenye mazoezi ya maabara ya kemia, nilipima asidi kwa besi mara tatu. Nikapata 24.1, 24.0, halafu 22.7. Hiyo ya mwisho nikaifuta, nikaandika 24.2. Mwalimu akaweka tiki. Tuliita "kupika data", na tulicheka, maana darasa karibu zima lilikuwa linapika.

Nimelikumbuka nikisoma habari za Gregor Mendel, mtawa Mwaugustino wa Brno, mji ulioko leo Jamhuri ya Czech. Wengi tunamjua kwa vile vijedwali vya biolojia. Mimi kilichonishika ni kazi yake ya kila siku. Kati ya 1856 na 1863 alishughulikia mimea ya njegere ipatayo 28,000. Anafungua ua kabla halijakomaa, anatoa sehemu za kiume kwa kikoleo, anapaka chavua ya mmea mwingine, analifunika ua kwa kamfuko ili wadudu wasimharibie. Anangoja msimu. Kisha anahesabu. Katika jaribio moja tu mbegu zilikuwa 7,324: za mviringo 5,474, zenye mikunjo 1,850. Jamani, moja moja!

Mwaka 1936 mwanatakwimu Mwingereza, Ronald Fisher, alizikagua hesabu hizo akaona zinakaribia mno uwiano uliotarajiwa, kuliko bahati ya kawaida inavyoruhusu. Alihisi huenda msaidizi fulani aliyejua jibu linalotakiwa ndiye aliyezinyoosha. Wataalamu wamebishana tangu hapo, na Mendel alishafariki 1884, hawezi kuulizwa.

Sitaki kumhukumu. Ila fikiria punje moja: si ya mviringo kamili, wala mikunjo yake haijakaa wazi. Unaiweka fungu gani? Kama jibu unalolitamani unalijua, mkono unakwenda wenyewe. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba anayedanganya ana nia ya kudanganya. Hapa nia iko wapi? Hakuna aliyesema uongo, na bado hesabu imepinda.

Kwa maoni yangu kosa, kama lipo, limetangulia. Lilianza pale nilipokaa kuhesabu bila kujiwekea kanuni ya punje za mashaka, huku moyoni nikijijua ninavyopenda upande mmoja. Watafiti wa leo mara nyingi humficha anayehesabu asijue sampuli imetoka kundi gani. Wanafanya hivyo hata kwa watu waaminifu kabisa, na sioni kama ni tusi. Sisi tunaochunguza dhamiri kila jioni tungewaelewa haraka zaidi.

Mendel mwenyewe alijaribu baadaye mmea mwingine, wa jamii ya Hieracium. Matokeo yakagoma kufuata njegere. Aliyatoa hivyo hivyo, yakachapishwa.

Mimi ile 22.7 sikuiuliza kitu. Huenda kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye bureti, au nilisoma mstari nikiwa nimeinama vibaya. Mwalimu alikuwa hatua tano tu kutoka mezani kwangu.