Tunambeba tupate thawabu, au tunamnyima haki yake?

Kuna swali limekuwa likinisumbua tangu mwaka jana, nami naona si vibaya nikilileta mbele ya wasomaji tulitafakari pamoja. Mtu akimwona mwenzake chini ya ngazi hawezi kupanda, akashuka akambeba, hapana shaka amefanya wema. Lakini je, kama ana uwezo wa kumwondolea kikwazo kile, akakiacha, kisha kila siku akawa anashuka kumbeba na kujihesabia thawabu, huo nao ni wema?

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi hufanyia kazi zangu za kuandika na kufasiri katika nyumba moja ya zamani, Mji Mkongwe, Unguja. Ni utaratibu ulioenea siku hizi. Mtu anakodi nyumba nzima, anaweka meza, intaneti na umeme wa akiba, kisha sisi tusiomudu kukodi ofisi tunalipia meza kwa mwezi. Nyumba yetu ina vipandio viwili mlangoni, kizingiti cha mbao kilichoinuka, halafu ngazi nyembamba zilizosimama wima. Meza zote ziko ghorofani. Chini pana stoo iliyojaa viti vibovu.

Mwaka jana alijiunga nasi kijana mmoja mhasibu anayetumia kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza tulimpokea kwa bashasha. Wawili wakambeba yeye, wawili tukabeba kiti, huku mmoja wetu akisema kwa sauti kuwa leo thawabu zimetufuata mlangoni. Tukacheka sote. Yeye pia alicheka, ila baada yetu.

Wiki ya pili mambo yakabadilika. Mmoja akalalamika mgongo, mwingine akawa anafika saa nne. Kijana akawa anasubiri barazani mpaka wapatikane watu. Nikaona pia kuwa chai inapoletwa yeye hanywi. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole: "Ustadh, asubuhi mmenibeba, Allah awalipe. Lakini choo kiko ghorofa ya juu zaidi. Mchana nikitaka kwenda haja, nimwite nani?"

Sikuwa na jibu. Siku chache baadaye anayeendesha ofisi ile alituita kikao. Akasema stoo ya chini inaweza kusafishwa, ziwekwe meza nne na choo, ila kila mmoja wetu aongeze 5,000/= kwa mwezi. Kikao kikawa kimya. Kisha mtu akasema, mbona tunambeba na yeye hajalalamika? Mimi nilinyamaza, na ukimya wangu ukahesabiwa pamoja na waliokataa. Mwisho wa mwezi kijana hakulipia tena meza yake.

Ndugu msomaji, siandiki haya kumlaumu mwenye nyumba wala mwendesha ofisi. Najilaumu mwenyewe. Nilikuwa tayari kutoa mgongo wangu, lakini sikuwa tayari kutoa elfu tano. Na nilipochunguza nafsi yangu kwa nini, niligundua jambo la aibu. Nikimbeba, naonekana. Watu wananiona, yeye ananishukuru, nami nakwenda kwenye meza yangu nikijiona mtu mwema. Stoo ikisafishwa, atapita mlangoni mwenyewe, atakaa afanye kazi yake, wala hatokuwa na sababu ya kunishukuru. Kumbe nilikuwa nazihitaji zile ngazi kuliko nilivyodhani.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya hisani na haki. Hisani huombwa, na mwenye kuitoa anaweza leo kutoa na kesho kuchoka. Haki haiombwi kila asubuhi. Mtu mzima mwenye elimu na taaluma yake, aliyelipia meza sawa na wenzake, analazimika kuanza siku kwa kuwatazama watu usoni ili ajue kama leo wana nguvu au hawana. Deni la namna hiyo halilipiki, na humdunisha mtu hata kama wanaombeba wana nia safi.

Waislamu hatuna udhuru wa kutolijua hili. Sote tumesoma Surat Abasa na sababu ya kushuka kwake. Kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, alikuja kutafuta elimu wakati Mtume (SAW) ameshughulishwa na wakubwa wa Maquraishi, na wahyi ukashuka kwa ajili yake. Wahadhiri wetu wengi huishia hapo, wakatuhimiza tuwahurumie vipofu. Lakini tutazame kilichofuata katika maisha ya sahaba huyu. Alikuwa mwadhini pamoja na Bilal, na zaidi ya mara moja Mtume (SAW) alipotoka Madina alimwacha yeye kuwa msimamizi. Huyu hakuwekwa pembeni ahurumiwe. Alipewa kazi na dhamana. Sisi tunatoa sadaka Ijumaa kwa walemavu walioketi nje ya mlango, lakini tukiambiwa mmoja wao ni mhasibu anatafuta pa kuweka kompyuta yake, tunamwonesha ngazi.

Yupo atakayesema kuwa majengo haya ni urithi. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu hawezi kuvunja ukuta au kubadili mlango apendavyo. Hoja hii ina uzito, nami siibezi. Kuta ni za mawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti, vichochoro ni vyembamba. Mteremko unaofaa kwa kiti cha magurudumu unataka urefu wa mara kumi na mbili ya kimo chake, maana yake vipandio viwili vyenye kimo cha sentimita 30 vinahitaji karibu mita 3.6. Si kila kichochoro kina nafasi hiyo, na si kila nyumba inaweza kubeba lifti.

Lakini tuwe wakweli. Nyumba hizi hazikujengwa na nyaya za umeme, mabomba, viyoyozi wala madishi ya setilaiti. Vyote tumeviingiza, kwa sababu sisi tulivihitaji. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, inatajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kutiwa lifti. Ilipokuwa haja ya wakubwa kupanda bila kuchoka, jengo la kale lilipata lifti. Inakuwaje urithi uwe kikwazo pale tu anapokuja asiyeweza kupanda?

Na mengi hayagusi hata jiwe moja. Milango yetu ya nakshi ina pande mbili, nasi kwa mazoea hufungua mmoja. Tufungue yote miwili, na mara nyingi kiti kitapita. Mteremko wa mbao unaweza kuwekwa asubuhi na kuondolewa jioni. Meza zinaweza kushushwa chini. Hayo si mageuzi ya mji, ni kupanga upya vitu.

Tatizo kubwa ni kuwa kila mmoja anamtazama mwenzake. Mwenye nyumba anasema amekwishakodisha. Mwendesha ofisi anasema nyumba si yake. Sisi wa mezani tunasema ni wapita njia. Sheria zipo: Zanzibar ilitunga ya kwake kuhusu watu wenye ulemavu mwaka 2006, Bara ikatunga mwaka 2010, na katikati ya hapo, mwaka 2009, Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaotaka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, yawe ya serikali au ya watu binafsi. Lakini sheria haiwezi kusafisha stoo.

Katika fiqhi tumefundishwa fardhi kifaya, jambo ambalo wakilitekeleza baadhi wengine wamesalimika, na wakiliacha wote, wote wana dhambi. Tumezoea kulitajia maiti tu, kumwosha na kumzika. Mimi naona ngazi za mahali tunapochangia riziki zimo katika maana hiyo hiyo. Kama kuondoa kinachodhuru njiani ni tawi la imani, basi kizingiti nacho ni kitu cha njiani. Na tusiishie maofisini. Tuitazame na misikiti yetu, hasa pale pa kutawadhia.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule kijana. Anafanyia kazi kwao, umeme ukikatika naye anasimama. Nilimwomba radhi. Akaniambia amesamehe, kisha akauliza: "Stoo je?" Nimekwishapeleka elfu tano yangu, na wenzangu watatu wamefuata. Viti vibovu bado vimo. Namwomba Allah atuwezeshe tuvitoe kabla hajatuuliza Yeye.