NOTI TWAIPIMA JUANI, KAMBA JE?



Ndugu zetu katika imani, baba zetu, mama zetu na vijana wetu. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ijumaa hii tunapenda tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi hawakutarajia kukisoma katika karatasi ya msikitini. Ni ile kamba ya plastiki yenye meno, ambayo ncha yake huingizwa katika kichwa chake, ikavutwa, na haitoki tena mpaka ikatwe. Hapa tutaiita kamba ya meno. Kila mmoja wetu anatafuta iliyo imara kwa bei anayoiweza, na mara nyingi anakosa kimoja kati ya hivyo viwili. Swali letu ni hili: anayeiuza kamba hiyo anadaiwa nini na anayeinunua? Na anayeinunua, je, yeye hadaiwi kitu?

KAMBA NI MTAJI WA MASKINI

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaenda kuokota kuni, akazibeba mgongoni na kuziuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu. Tuangalie vizuri mafundisho hayo. Kilichotajwa mkononi mwa mtu huyo si duka wala shamba. Ni kamba. Basi anayemuuzia maskini kamba mbovu amemharibia mtaji wake wote.

Sisi wa Kanyaruchinya hatuhitaji kuelezwa sana. Barabara ya Rutshuru yapita mbele yetu, na kila siku tunaona chukudu zikiteremka kutoka Kibumba kwenda Goma na makabichi, viazi na magunia ya makala. Mzigo wote huo umeshikwa na kamba, na mteremko haumsubiri mtu afunge upya. Ardhi yetu nayo ni mawe ya volkano. Nguzo haiingii kwa urahisi, kwa hiyo mtu anayejenga kibanda hufunga kwenye jiwe pale ambapo wengine wangechimba. Mwaka 2012, na tena kuanzia 2022 hadi mwanzoni mwa 2025, maelfu ya watu waliokimbia vita waliishi hapa chini ya maturubai yaliyofungwa kwenye vijiti. Aliyelala humo anajua kuwa usiku wa upepo na mvua hakuna ukuta; kuna fundo tu.

KWA NINI MOJA HUSHIKA NA NYINGINE HUKATIKA

Kamba ya meno ilibuniwa Marekani mwaka 1958 na Maurus Logan, mfanyakazi wa kampuni ya Thomas & Betts. Alikuwa amewaona mafundi wa ndege wakifunga maelfu ya nyaya kwa uzi wenye nta, kazi iliyowaumiza vidole. Kwa hiyo tangu mwanzo kitu hiki kilikusudiwa mahali ambapo fundo likifunguka watu hufa. Hakikuwa kitu cha mchezo.

Iliyo nzuri hutengenezwa kwa nailoni safi, aina ambayo viwanda huandika PA66. Yenye upana wa milimita 4.8 hutakiwa kustahimili mvuto wa kiasi cha kilo 22, na ile nyembamba ya milimita 2.5 kiasi cha kilo 8. Iliyo mbaya huchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa mara nyingi. Ukiitazama dukani, zote mbili zinafanana kama mapacha.

Adui mkubwa wa nailoni ni jua. Mwanga wake huivunja ndani kwa ndani, ikawa ngumu na kukatika kama kijiti kikavu. Sisi tuko juu zaidi ya mita 1,500, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo jua linavyozidi kuwa kali. Kwa sababu hiyo kamba ya kazi ya nje huchanganywa na masizi meusi yanayozuia mwanga usipenye. Nyeupe ni ya ndani ya nyumba. Lakini hapa pana hila: kiwanda kisicho na haya hutia rangi nyeusi tu bila masizi ya kutosha, na mnunuzi hana jicho la kutofautisha. Kisha kuna kosa la sokoni kwetu: pakiti hutundikwa nje juani wiki baada ya wiki ili wapita njia wazione. Kamba iliyokuwa nzima inazeeka kabla haijapata mwenyewe.

JICHO LA NOTI

Ndugu zangu, tuwe wakweli. Mnunuzi anapotoa noti ya dola, muuzaji anafanya nini? Anaishika kwa mikono miwili. Anaigeuza. Anaiinua kwenye mwanga wa jua. Akiona kipasuko kidogo kuliko punje ya mchele, anairudisha na kusema haipiti. Na kweli haipiti, maana naye akiipeleka depo itakataliwa. Hatumlaumu kwa hilo.

Lakini mkono huo huo ulioigeuza noti hunyosha kamba ambayo haukuigeuza hata mara moja. Jicho lililoona kipasuko kwenye karatasi halikutaka kuona ufa kwenye plastiki. Katika Sura ya 83, Al-Mutaffifin, Mwenyezi Mungu anawaonya watu ambao wakipokea kwa wengine hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma Sura hiyo tukifikiri juu ya mizani na vibaba. Kipimo si kilo peke yake. Uangalifu nao ni kipimo. Anayejipimia uangalifu kamili anapopokea, na kumpimia mwenzake uangalifu nusu anapotoa, amepunja, hata kama pakiti ina kamba 100 kamili.

“MIMI SIKUJUA”

Muuzaji atajibu: “Sheikh, mimi nimenunua kartoni imefungwa. Imetoka mbali, imepita Mombasa na Kampala. Nitajuaje kilichomo ndani?” Jibu hili lina uzito, tusilidharau. Asiyejua si sawa na anayedanganya. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna majimaji, alimkemea mwenye mali kwa kuwa alikuwa anaijua hali ya nafaka yake na aliiacha iliyolowa chini.

Hata hivyo kuna asiyejua kwa sababu hakuweza kujua, na kuna asiyejua kwa sababu hakutaka. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameligusa jambo hili katika kitabu chake Ihya, anapozungumzia sarafu mbovu. Anafundisha kwamba ni wajibu kwa mfanyabiashara kujifunza kuzitambua fedha, na sababu si kujikinga yeye mwenyewe, ila asimpe Muislamu mwenzake fedha mbovu bila kujua. Akizembea kujifunza, anapata dhambi ya uzembe huo. Anaeleza pia kuwa sarafu mbovu ni mbaya kuliko wizi kwa namna moja: wizi hutendwa mara moja ukaisha, bali sarafu hiyo huzunguka mkono kwa mkono na madhara yake huendelea hata baada ya kufa aliyeiingiza sokoni.

Kamba mbovu ni kama sarafu hiyo. Kuijua kartoni si elimu ngumu: fungua pakiti moja, kunja kamba moja, vuta nyingine. Asiyefanya hivyo kwa kuogopa kupata jibu, huyo tayari anajua.

BEI YA HAKI NI IPI?

Wengine wanauliza: kwa nini isiwekwe bei moja? Watu wa Madina walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei zilipopanda, naye hakukubali, akichelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Bei ni mapatano. Muuzaji ana njia ndefu, usafiri, ushuru na watoto wa kulisha. Faida yake ni halali. Hata kamba dhaifu yaweza kuuzwa kwa halali, maadamu imeitwa dhaifu. “Mama, hii ni ya kufungia nyaya ndani, juani haidumu.” Maneno hayo machache yanaifanya biashara kuwa safi. Inasimuliwa kwamba Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa huko Kufa, alimwagiza mshirika wake awaeleze wanunuzi kasoro ya nguo fulani. Mshirika akasahau, nguo ikauzwa. Imam akaitoa sadaka fedha yote ya mauzo hayo.

Kisichohalalishwa na mapatano ni kuficha, na pia kungojea shida. Wenye kamba wakizifungia ndani siku watu wanapowasili na watoto mgongoni, ili wazitoe mvua ikianza na bei imepanda, hiyo si biashara tena. Mwenye kulowa hapatani, anasalimu amri.

MNUNUZI NAYE

Sasa tugeuke upande wa pili. Muuzaji mwaminifu akileta kamba nzuri kwa bei yake, wangapi wetu husimama? Tunamwambia jirani yake anauza kwa nusu, tunaondoka. Baada ya miezi michache naye analeta zile za nusu. Soko hufundishwa na wanunuzi.

Tupige hesabu ya mfano, si bei ya dukani. Tuseme pakiti dhaifu ni franka 4,000 na pakiti imara ni franka 8,000. Zile dhaifu nyingine hukatika wakati wa kuvuta, zilizobaki hukatika baada ya miezi miwili juani. Kwa mwaka mtu atanunua pakiti sita, franka 24,000. Wa pakiti imara, hata akinunua mara mbili, ametoa 16,000. Rahisi imekuwa ghali. Lakini tusimcheke anayenunua rahisi. Mara nyingi si mjinga. Leo hana 8,000, ana 4,000. Kwa hiyo muuzaji anayefungua pakiti nzuri na kuuza kamba moja moja kwa bei isiyozidi sana amefanya wema mkubwa kuliko anavyofikiri.

Imam Ghazali anaongeza adabu nyingine: ukinunua kwa mnyonge, si vibaya kukubali kuzidishiwa kidogo, maana huo ni wema, lakini kwa tajiri anayetafuta faida kupita haja yake, kujiachia upunjwe si sifa. Sisi mara nyingi hufanya kinyume. Kwa mama wa mezani tunabishana mpaka franka ya mwisho, na kwenye duka kubwa tunalipa kimya.

MTU WA TATU

Mtu aweza kusema: “Nimeridhika na kamba dhaifu, ni hiari yangu.” Ni kweli kwa kazi ya nafsi yako. Lakini gunia likianguka kwenye mteremko, halimchagui mwenye chukudu. Huangukia mtoto aliyetumwa maji na motari aliye nyuma. Hawa hawakuwapo wakati wa kupatana bei, na ridhaa yako haiwafungi. Hapa ndipo penye uzito wa suala lote: uza na nunua kama kwamba mtu wa tatu amesimama pale mnapopatana.

LA KUFANYA

1. Kwa kazi ya nje chukua nyeusi, na utafute pakiti iliyoandikwa aina ya nailoni, upana na uzito inaoustahimili.

2. Omba kununua moja kwanza. Ikunje mpaka pande mbili zigusane: nzuri hupinda, mbaya huonyesha mstari mweupe au hukatika. Ifunge, kisha jaribu kuirudisha nyuma. Ulimi wa ndani ya kichwa usiteleze.

3. Usinunue iliyotundikwa juani. Nyumbani ihifadhi kivulini, pakiti imefungwa.

4. Kwa mzigo mzito wa chukudu au moto, kamba ya mpira iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu ni bora kuliko kamba ya meno: inavutika, haikatiki ghafla, na inapatikana hapa hapa. Muuzaji mwaminifu atakuambia hivyo hata kama hauzi mpira.

5. Wewe muuzaji, tenga zilizo dhaifu na zilizo imara katika visanduku viwili, na useme ipi ni ipi bila kuulizwa. Na kila unapoinua noti ya mnunuzi kwenye mwanga, kabla hujaiweka mfukoni, inua pia kamba unayompa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atutie haya mbele ya wenzetu, na awahifadhi wote walio barabarani na wote wanaolala chini ya turubai. Amin. Wallahu aalam.

(Ukimaliza kusoma, mpe na jirani. Tafadhali usiitupe karatasi hii mahali pachafu.)