Kengele ya Kibaha haitakufuata Mlimani

Mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita pale Kibaha, Minaki au Ruvu Wasichana, mwenye PCM yako au EGM yako, kaa hapa tuongee kabla hujafunga begi.

Shule uliyotoka ilikuwa inakuamsha. Kengele ya alfajiri, mstarini, mwalimu wa zamu, prepo ya usiku ambako ukisinzia unaguswa bega. Kibaha ilizaliwa na makubaliano ya mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki. Minaki ni mzee zaidi, mrithi wa chuo cha wamisionari wa UMCA kilichohamia Kisarawe kutoka Kiungani, Zanzibar. Miaka yote hiyo ilikuwa nyuma yako inakusukuma. Kisha ukaenda JKT, na kama ulipangiwa Ruvu, hapohapo mkoani kwenu Pwani, filimbi ya afande ikaendelea pale kengele ilipoachia.

Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuna kengele. Unaingia ukumbi wa Yombo, mmejaa hadi wengine wamesimama mlangoni, lekchara anagawa karatasi ya kozi, anaanza limiti ubaoni, muda ukiisha anafuta na kuondoka. Hatakuuliza ulikuwa wapi juzi. Hajui hata jina lako. Karatasi ile ndiyo kengele yako mpya, na wengi wanaikunja mara nne na kuisahau kwenye mfuko wa suruali.

Nakuomba usiikunje. Usiku wa siku hiyohiyo isome taratibu, kama unavyosoma barua ya kazi. Chuoni hapo mgawanyo ni alama 40 za koswek, yaani testi na kazi za muhula, na 60 za mtihani wa mwisho, ile UE. A inaanzia 70. Fesi yia wengi wakiona 60 wanasema, "Nitaponea kwenye UE." Nilisema hivyo nilipokuwa mwaka wa kwanza. Nikavuna 12 kwenye koswek. Piga hesabu mwenyewe: mwenye 34 anahitaji 36 kati ya 60 ili apate A. Mimi nilihitaji 58. Tulikaa chumba kimoja cha mtihani, tukapewa pepa moja na saa zilezile, lakini ule haukuwa mtihani mmoja.

Karatasi itakwambia pia tarehe za testi, na kwamba aliyekosa testi bila cheti cha daktari hana pa kulalamikia. Itakwambia saa ambazo mwalimu anapatikana ofisini. Nenda! Wanafunzi wa kwetu tunaogopa mlango wa lekchara kama mlango wa polisi, na wiki nzima barazani pale hapiti mtu. Nenda na swali ulilolihangaikia, likiwa na mistari yako mitatu ya kujaribu, hata kama imekosewa. Mwalimu anayeona mistari mitatu yenye makosa anajua pa kukushika mkono. Ukienda na karatasi tupu, ataanzia wapi?

Kuhusu kudesa, yaani kunakili kazi za wengine, niseme neno moja tu. Diskasheni ni halali na ni tamu, lakini andika kwa mkono wako kile ulichokielewa kwa kichwa chako. Kuingia na karatasi ya siri kwenye chumba cha mtihani kunaweza kukufukuzisha chuo, na hakuna tone la kalkulasi ndani yake.

Sasa nikuoneshe kitu cha nyumbani. Pale Mlandizi, Kibaha, kuna mtambo wa maji wa Ruvu Juu, ambao uwezo wake ni lita milioni 196 kwa siku. Gawa kwa sekunde 86,400 unapata zaidi ya lita 2,200 kila sekunde. Sehemu ya maji hayo inapandishwa kupitia Kibamba hadi Kisarawe, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2020. Kibaha na Kisarawe zinakunywa mto mmoja.

Tuseme kuna tenki la lita milioni 6 mlimani Kisarawe. Maji yanaanza kuingia kwa kasi ya lita elfu 600 kwa saa, lakini kila saa inayopita kasi inapungua kwa lita elfu 30. Anayejua kuzidisha peke yake atasema 600 mara 10, saa kumi tenki limejaa, akalale. Anayejua intigresheni anaandika 600t − 15t², anaweka 10, anapata 4,500. Lita milioni 4.5. Robo ya tenki ni hewa, na mama mmoja kule Kisarawe ataamka na ndoo yake akute bomba linakoroma.

Hapo ndipo fesi yia wengi wanapoanguka. Wanajipima kwa ile kasi ya wiki ya kwanza, wakiwa na daftari jipya, bumu limeingia, moyo umewaka. Hawahesabu kwamba kasi inashuka. Dakika 45 kila siku kwa wiki 15 ni karibu saa 79 za kukokotoa. Usiku mbili za kukesha kabla ya UE, hata ukipiga msuli saa tisa kila usiku, ni saa 18, tena za macho mekundu. Linda kasi yako, mdogo wangu. Andika hatua zote, kwa sababu msahihishaji anatoa alama za njia hata jibu likipotea. Andika ile + C mwishoni mwa intigresheni isiyo na mipaka kila mara, hata kwenye karatasi ya kujaribia, mpaka mkono uizoee.

Wala usikubali kuambiwa hesabu si za watu wa Pwani. Jokate Mwegelo alipokuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe, kuanzia 2018, aliwasha kampeni ya Tokomeza Zero, na wananchi wakachangia hadi ikasimama shule ya wasichana. Wilaya nzima ilikataa zero hadharani. Wewe umeshavuka hapo. Una Hisabati ya Juu mkononi, somo ambalo wenzako wengi walilikimbia.

Basi usisubiri chuo kifunguliwe. Chukua daftari usiku huu, urudi kwenye tenki letu. Kwa kasi ileile inayopungua, litajaa baada ya saa ngapi? Ukishapata, rudi uangalie saa hiyo maji yanaingia kwa kasi gani.