Sahihi Isiyo Sahihi

Kiswahili kinatumia neno moja, sahihi, kwa mambo mawili: alama ya mkono ambayo mtu hutia kwenye hati, na jambo lisilo na kosa. Sisi tunaojifunza Kiswahili nchini Uganda tumezoea kulikuta neno hili katika maswali ya mtihani kuhusu maneno yenye maana zaidi ya moja. Mimi ninaona ndani yake dai la kimaadili, kwamba anayetia sahihi anathibitisha kuwa kitu hicho ni sahihi. Je, dai hilo ni la kweli? Nitalipima kwa kitu kidogo ambacho kwetu si wengi wanaokijali: kadi za wachezaji wa besiboli wa Marekani. Kadi hizo huuzwa katika pakiti, watu huzikusanya, na bei yake hupanda mchezaji akizitia sahihi.

Mwaka 1969 kampuni ya Topps ilichapisha kadi ya Aurelio Rodríguez wa timu ya California Angels. Jina lilikuwa lake, takwimu za upande wa nyuma zilikuwa zake, lakini picha ilikuwa ya kijana aliyekuwa akibeba magongo ya timu. Tuseme shabiki mmoja alimpelekea Rodríguez kadi hiyo, naye akaisaini. Wino ni wa kweli, mkono ni wake, uso si wake. Mtu akituuliza kama kadi hii ni sahihi, tutamjibu nini?

Jibu langu ni kwamba sahihi husema jambo moja tu: "Mimi nilikuwepo na nilikubali." Haisemi kwamba kila kilichochapwa juu ya kadi ni kweli; hilo ni jukumu la mchapishaji. Tena siku hizi hata huko kuwepo kumepungua. Mwaka 1990 Upper Deck ilipoweka ndani ya pakiti zake kadi 2,500 zilizosainiwa na Reggie Jackson, angalau mkono wake ulipita juu ya kila kadi. Baadaye ulizuka mtindo wa kuwapelekea wachezaji karatasi za stika. Mchezaji husaini stika, kisha kampuni huzibandika kwenye kadi ambazo yeye hajaziona. Stika ikibandikwa kimakosa kwenye kadi ya mwenzake, mchezaji hana hatia, kwa maana alichokikubali ni stika tu. Lakini utaratibu wenyewe ni sawa na kutia saini karatasi tupu, jambo ambalo hata babu yangu, ambaye hakusoma, asingelikubali.

Pale mchapishaji anaponyamaza, uvumi huchukua nafasi yake. Mwaka 1989 kampuni ya Fleer ilitoa kadi ya Billy Ripken akiwa ameshika gongo lenye tusi kwenye kitako chake. Kampuni ikaanza kulifuta, mara kwa michoro, mara kwa rangi nyeupe, mara kwa kisanduku cheusi, na kila namna ya kufuta ikawa kadi mpya ya kutafutwa. Nani aliandika tusi lile? Kampuni iliona au haikuona? Mwaka 2008 ndipo Ripken alipoeleza kwamba aliandika mwenyewe ili alitambue gongo lake la mazoezi, akaongeza kuwa anashuku kampuni iliyakoleza maandishi hayo. Kosa la bahati mbaya na kosa la makusudi hufanana kabisa kwenye karatasi. Tofauti yake imo moyoni mwa mtu, na anayeijua akanyamaza huku wenzake wakilipa kwa kubahatisha, kwangu mimi huyo anadanganya, ingawa hajafungua kinywa.

Rafiki yangu darasani hakubali. Anasema mnunuzi ni mtu mzima, ananunua hadithi pamoja na kadi, na hadithi ikikosa fumbo haina ladha. Akanitajia kadi ya Derek Jeter ya mwaka 2007, ya Topps, ambapo nyuma ya Jeter anaonekana Mickey Mantle, aliyefariki mwaka 1995, na kati ya watazamaji yupo Rais George W. Bush. Kampuni ilikiri kwamba ni mzaha wa mtu wa ndani, na watu wakaendelea kuitafuta kadi hiyo. Anaona mfano huo umenishinda. Mimi naona umenisaidia: aliyeinunua baada ya maelezo alinunua mzaha akijua ni mzaha. Mnunuzi wa kadi ya Ripken mwaka 1989 hakupewa nafasi hiyo.

Linaloniwia gumu zaidi ni Jeter mwenyewe. Akiletewa kadi hiyo aisaini, atakuwa amekubali nini? Nikifuata maelezo yangu ya mwanzo, sahihi yake itasema tu kwamba alikuwepo. Na kati ya hao watatu, ni yeye peke yake aliyekuwepo.