Fardhi Kifaya ya Kusomesha

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameacha katika kitabu cha elimu, ambacho ndicho cha kwanza katika vitabu arobaini vya Ihya yake, lalamiko ambalo msomaji wa leo asingelitarajia kulikuta kwa sufii mkubwa kama yeye: kwamba miji ya zama zake imejaa mafakihi wanaoshindana katika mas-ala ya hitilafu, ilhali mingi katika miji hiyo haina tabibu Muislamu hata mmoja. Alikuwa amekwisha kubainisha kwamba utabibu na hesabu ni fardhi kifaya, yaani amali ambayo wakiitenda baadhi ya watu wa mji, wengine huepukana na lawama, na wakiiacha wote, wote huwa wamekosa. Basi akastaajabu kuona watu wanajazana mahali palipokwisha kutoshelezwa na kupaacha patupu mahali penye haja. Sababu aliyoitoa ina uchungu ndani yake, kwani alisema kwamba utabibu haumfikishi mtu katika ukadhi, wala katika kusimamia wakfu, wala katika kushika mali ya mayatima.

Nimeanza kwa Ghazali kwa sababu mijadala yetu juu ya shule, mingi kama ilivyo, aghalabu huzungukia mambo mawili tu, nani alipe na chombo gani kinunuliwe, na kwa nadra sana huulizwa lile ambalo fakihi angeliuliza kwanza: fardhi hii humwondokea mtu wakati gani? Mfano unaosomeshwa madrasani ni ule wa janaza. Mtu akifa mjini, dhima ya watu wa mji haiondoki kwa kununuliwa sanda, hata ikiwa sanda ya thamani, wala kwa jeneza kufikishwa mlangoni. Huondoka pale maiti akisha kuoshwa, akavikwa sanda, akasaliwa, akazikwa. Na kama kusomesha watoto wa mji ni fardhi ya namna hiyo, nami siamini kwamba yuko mwenye kulipinga hilo, basi dhima yake huondoka pale mtoto anapojua kusoma na kufahamu alisomalo. Majengo, madawati na mashine ni sanda.

Katika chuo cha Kurani cha pwani vyombo vilikuwa vichache: ubao, kalamu ya mwanzi na wino, na maji ya kuuoshea ubao somo lilipokwisha kuhifadhiwa. Lakini hata vyombo hivyo vichache havikuweza kusema peke yao. Khati ya Kiarabu iliyoandikiwa Kiswahili ilikuwa na herufi moja iliyobeba sauti ya b, na ya p, na pengine ya mb, na kasra iliyosimama mahali pa i na mahali pa e pia, hata msomaji asiyekuwa na mtu wa kumwongoza angeweza kuusoma ubeti mzima na kutoka na maana ambayo mtunzi hakuikusudia. Maulamaa wa Kiarabu nao walikuwa na hofu ya namna hiyo juu ya mtu aliyepata elimu yake katika kurasa tu pasina sheikh, kwa kuwa nukta moja ikihama juu au chini ya herufi, neno limekuwa neno jingine. Kwa hiyo mwalimu alikuwa sehemu ya chombo, na wazazi walimweka kwa ada ndogo, na kwa chakula, na kwa tunu siku ya mtoto kuhitimu. Na madhali watu wa pwani ni Mashafii, hawakuona dhambi katika ujira huo, ingawa wako mafakihi wa kale wa madhehebu ya Hanafi waliouzuia. Sitaki kukisifu chuo kupita kiasi chake. Fimbo ilikuwa nzito, na wengi walitoka wakiwa na sauti nzuri ya kusoma wasijue hata aya moja imesema nini.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi kwamba chombo hakitoshi bila ya mwalimu hautoki chuoni, bali katika redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2, wengi wao wanakijiji, walikutana kila wiki katika vikundi kusikiliza kipindi cha malaria, au kichocho, au safura, au kuhara. Anayeisikia habari hii leo hudhani kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi. Redio ilikuwa na sauti tu. Haikuweza kumwona msikilizaji aliyesinzia, wala kumjibu bibi aliyeuliza mbona babu zake waliyanywa maji ya mto ule ule wakafikia uzee. Waliomjibu ni viongozi wa vikundi, takriban 75,000, waliopewa mafunzo kabla ya kampeni kuanza, kila mmoja akiwa na kitabu mkononi na jirani zake mbele yake. Na kipindi kilipokwisha walikisoma kitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaafikiana watakalolifanya, na katika vijiji vingi walilolifanya ni kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye utaratibu ule ule ukatumika katika Chakula ni Uhai. Sijui jambo jingine katika historia ya elimu yetu ambapo mtambo, mwalimu na jamaa ya watu vilikutana kwa mizani nzuri kama ile, na hunishangaza kwamba wenye kupanga mipango ya kompyuta shuleni hawaitaji kampeni hiyo hata kwa bahati.

Kenya ilianza mwaka 2016 kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, hata vikazidi milioni 1, na Tanzania nayo ikawagawia walimu vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022. Hizo ni hima za kushukuriwa. Ila imesikika mara nyingi kwamba mashine zilizofika shuleni hufungiwa stoo, na watu humcheka mwalimu mkuu kana kwamba ni mshamba anayeogopa kioo, ilhali yeye amefanya kama afanyavyo mtu yeyote aliyekabidhiwa amana ya thamani bila mlinzi wala fundi, na anayejua kwamba ikipotea ataulizwa yeye, na isipotumika hataulizwa na mtu.

Upande wa wazazi kosa ni jingine. Serikali ya Tanzania ilipoondoa ada kuanzia Januari 2016, walikuwapo waliodhani kwamba mwenye kutenda fardhi amekwisha kupatikana, na kwamba wao sasa ni kama watu wa mji ambao janaza imekwisha kuzikwa. Kulipiwa ada ni fadhila kubwa, lakini mtoto arudiaye nyumbani na daftari ambalo hakuna alifunuaye, kifaya yake bado haijatimia.

Najua nitajibiwa kwamba mashine za sasa si kama ukurasa wala redio, kwa kuwa akili mnemba hujibu ikiulizwa, tena hujibu usiku wa manane bila ya kuchoka wala kukasirika, jambo ambalo walimu wengi hatuliwezi. Jawabu hilo ni la haki. Lakini taklifu haimwangukii ila mwenye akili aliyebaleghe, anayeweza kuhisabiwa kwa alilolitenda, na mashine si mukallafu. Ikimfundisha mtoto uongo haina uso wa kuona haya wala Siku ya kuulizwa. Kwa hiyo kadiri mashine inavyozidi ustadi wa kusema, ndivyo haja ya kumjua mtu aliyesimama nyuma yake inavyozidi, na mtu huyo awe karibu, kiasi cha mzazi kuweza kwenda kumbishia hodi.

Wazee wetu waliujua mlango wa jambo hili, nao ni wakfu. Aliyeiweka nyumba au shamba la minazi wakfu kwa ajili ya msikiti au chuo alimtaja mutawalli, yaani msimamizi wake, na hukumu ya mafakihi ni kwamba mapato huanza kwa kukitengeneza kile kilichowekwa wakfu kabla ya kugawiwa wanaostahiki, kwani paa likianguka, hata wanaostahiki hawana kitu. Ningependa kila kompyuta iletwayo shuleni, iwe ya serikali au ya mfadhili au ya wazazi wenyewe, iandikiwe hati ya namna hiyo: umeme wake unalipwa na nani, fundi wake analipwa kwa mapato ya kitu gani, na mutawalli wake ni nani. Wala mutawalli huyo si lazima awe mwanachuoni. Anaweza kuwa fundi redio wa mtaa, au mama mwenye duka aliyezoea kuliweka vizuri daftari la madeni, ambaye kila juma ataufungua mlango wa chumba kile, azihesabu mashine, kisha amuulize mwalimu ni watoto gani bado hawajaweza kusoma, na majina yao ayaandike.