Siri ya Jirani Iliyo Mfukoni Mwetu

Leo tufikiri pamoja juu ya kitu ambacho nyumba nyingi hapa kwenye makazi zinacho, au zinakiazima kwa jirani: simu ya tachi. Tunaiita simu, lakini kwa kweli ni kompyuta ndogo ya mkononi isiyo na waya. Inaona, inaandika, na haisahau.

Tusianze na lawama. Tulipotembelea ndugu zetu kule Mbale, tulimkuta kijana anayemtumia mama yake pesa ya dawa kila mwezi. Anabonyeza tu, na mama anapokea huku kambini. Zamani pesa hiyo tuliikabidhi kwa msafiri, tukabaki tunaomba ifike. Huduma ya pesa kwa simu ilianza Uganda mwaka 2009, na mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano iliruhusu mkimbizi asajili laini kwa karatasi zake za ukimbizi. Tunamshukuru Mungu kwa hayo.

Lakini kuna jambo lililotupata Jinja, nasi hatuna budi kuliungama. Baada ya ibada tulipiga picha ya wote waliohudhuria. Tukaituma kwenye kundi la maombi la WhatsApp, tukaandika majina na mji, ili watu wamshukuru Mungu pamoja nasi. Haikupita wiki, dada mmoja katika picha ile akapigiwa simu na mtu aliyemkimbia tangu nyumbani. Mtu huyo alimwambia, "Kumbe uko Jinja." Dada alihama usiku. Hata leo hatusemi alihamia wapi. Aliyetuma picha si adui. Ni sisi wachungaji wake, kwa furaha yetu.

Wengine husema, asiye na kosa hana cha kuficha. Je, ni kweli? Yule dada alikuwa na kosa gani? Yusufu na Mariamu walipoondoka usiku kwenda Misri na mtoto, hawakumtangazia mtu njia yao. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini kwake, na Maandiko yanamhesabu kati ya watu wa imani. Dhambi hujificha, ni kweli, lakini na uhai pia hujificha. Kwa hiyo tusimpime mtu kwa kuwa ana siri. Tuulize siri hiyo inamlinda nani.

Mwingine atasema, Mungu anajua yote, basi tuogope nini? Ndiyo, Mungu anajua hata hesabu ya nywele zetu. Lakini yeye anajua kwa upendo, wala hauzi anachokijua. Mwanadamu si hivyo. Kule Rwanda, tangu miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lile moja liliwapeleka watu wengi kwenye kifo. Walioandika na waliosoma hawakuwa watu wale wale. Ndiyo hatari ya habari iliyohifadhiwa: leo iko mkononi mwa mwema, kesho hujui.

Tujue pia chombo chenyewe. Simu ikiwa imewashwa huongea na mnara hata kama hupigi, na kampuni hujua uko karibu na mnara upi. Picha inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa kufuli njiani tangu mwaka 2016, lakini mmoja wa kundi akiupeleka nje, kufuli hilo halisaidii kitu.

Basi tufanye nini? Tusitupe simu, maana mama yule wa dawa angeumia. Tuombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na tena kabla ya kuituma. Tusiandike jina pamoja na mahali. Namba ya siri ya pesa tusimpe mtu, hata akijiita mtumishi wa Mungu. Anayekuja kuandika habari zetu tumwulize kwa heshima: ni za nini, na nani atazisoma? Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inatupa haki ya kuuliza hivyo, na habari za mtoto zinataka kwanza kibali cha mzazi au mlezi wake.

Zaidi ya yote, tukumbuke kwamba siri ya jirani si mali yetu. Tumekabidhiwa tu, kama mtu anayeachiwa mtoto wa mwenzake. Sisi tulishindwa kuilinda, na kwa dada yetu tunaomba msamaha. Bwana amfiche chini ya mbawa zake, naye atufundishe kunyamaza kwa upendo. Amina.