Jembe Si Adhabu

Ndugu zangu wa Pasua hapa Moshi, wazazi, walimu na mafundi, tumemfundisha mtoto kuichukia kazi, kisha tunamlaumu kwa kutoijua!

Mwanafunzi akichelewa namba, anapewa jembe. Akitoroka kipindi, anafyeka nyasi. Akileta utovu wa nidhamu, anasugua vyoo. Anayeongoza mtihani hukaa kivulini akapigiwa makofi. Somo hilo halimo kwenye mtaala, lakini ndilo linaloeleweka kuliko yote: kazi ya mikono ni ya mkosaji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, akimaliza kidato cha nne akaiona spana ni fedheha, kosa ni la nani?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitupa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi wapange, wazalishe na kuamua pamoja matumizi ya mapato. Sisi tukabaki na jembe, tukaitupa hesabu! Wazee wetu wa mlimani Kilimanjaro hawakuvitenganisha. Wakulima wa kahawa walianzisha umoja wao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Mkulima alipalilia shamba lake la kihamba, na chama kikaandika uzito wa kahawa yake daftarini. Jembe na kalamu vilisomesha watoto.

Leo vimeachana. Katika gereji moja hapa kwetu nimemwona kijana mwenye cheti cha kidato cha nne mbele ya gari lisilowaka. Kanuni ya Ohm aliitaja kwa Kiingereza bila kukosea neno. Fundi akampa mita: "Dogo, pima hapo tuone umeme unaishia wapi." Kijana akageuza nyaya mkononi, nyekundu na nyeusi, akasema, "Kaka, shuleni hatukuwahi kuishika." Jioni ile mteja alitaka makadirio ya maandishi, na fundi hodari yule akalazimika kumwita kijana amwandikie. Kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu. Nani aliwanyima nusu ya pili?

Tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari una mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa stadi za kazi. Tayari nasikia minong'ono kwamba amali ni ya vilaza. Neno hilo likome! Wakristo, someni Kutoka: Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge mbao na kufua dhahabu. Paulo mtume alishona mahema. Waislamu, mnajua Nabii Daudi, mfalme, alifundishwa kuunda deraya za chuma. Ikiwa Mungu hakuona aibu kumfunza mja wake ufundi, wewe mzazi unaona aibu ya nini?

Mwalimu, acha kuadhibu kwa jembe kuanzia wiki hii. Bustani ya shule igawe kwa madarasa, kila darasa liandike gharama na mauzo yake, na kazi hiyo uisahihishe kama unavyosahihisha hisabati. Mzazi, mtoto akichagua ufundi, mnunulie vifaa kwa moyo uleule uliomnunulia madaftari. Chuo cha VETA kipo Moshi, na shule ya Moshi Ufundi ipo; usipite hapo kana kwamba ni pa watoto wa wengine. Kijana, mchagua jembe si mkulima; usingoje ofisi yenye kiyoyozi ndipo uanze kujifunza.

Nanyi mafundi wa magari, washonaji, mafundi seremala na umeme! Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Miezi yote hiyo vijana wetu wanakaa vijiweni, nanyi mnalalamika hakuna msaidizi anayejua kusoma. Wachukueni. Msiwafagilishe tu na kuwatuma chai. Wawekeni kwenye kazi yenyewe, waelezeni kwa nini mnafanya hivi na si vile, na wao wawafundishe kuandika makadirio na kutunza hesabu za duka. Kila fundi wa Pasua achukue mmoja. Novemba hii!